Je, Wajua? Binti aliyebishana na Mauti

Je, wajua kwamba mwaka 1921, kabla sinema haijaanza kusema, Ujerumani ilitoa filamu ya mapenzi ambayo ndani yake mwenye huruma kuliko wote ni Mauti? Jina lake ni Der müde Tod, yaani Mauti Aliyechoka. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 6 Oktoba mwaka huo, na mwongozaji wake, Fritz Lang, alikuwa hajatimiza miaka 31.

Wajua kisa chenyewe? Msichana na mchumba wake wanasafiri kwa gari la farasi. Njiani gari linamchukua abiria mrefu, mkimya, aliyevaa joho jeusi na kofia pana. Wanafika mji mdogo, wanaingia nyumba ya wageni wapate kinywaji, na yule abiria anakuja kuketi meza moja nao. Binti anatupa jicho mezani, anaona bilauri imegeuka saa ya mchanga. Anatoka kidogo kwenda jikoni. Akirudi, mchumba hayupo, na mgeni hayupo. Kuanzia hapo hadi mwisho wa filamu kazi yake ni moja tu: kumdai mtu wake.

Wapenzi hao hawana majina. Wao ni Msichana na Kijana, basi.

Je, wajua kwamba Mauti katika filamu hii ana hati ya kiwanja? Kabla ya siku hiyo alikwishafika mjini akakodi ardhi iliyopakana na makaburi kwa miaka 99, akaizungushia ukuta usio na mlango wala dirisha. Meya, mchungaji, daktari, mwanasheria na mwalimu wanaketi baa kila jioni wakimnong'ona mgeni huyo, lakini dhahabu yake walikwishaipokea. Lang anawachora wazee hao kwa mzaha wa upole, na amefanya vyema, maana ni wao wanaotuonyesha jinsi Mauti anavyoingia mjini: kwa adabu, kwa mkataba, na kwa ridhaa ya wakubwa.

Ukuta huo ndio picha inayokaa kichwani mwa kila aliyeitazama filamu. Unajaza kioo chote cha sinema. Juu yake hapaonekani, pembeni hapaonekani, na binti amesimama chini yake peke yake usiku. Hapo ndipo anapoona msafara wa marehemu, wazee kwa watoto, wakipita ndani ya mawe kana kwamba ni ukungu, na mchumba wake yumo katikati yao.

Wajua walipitaje? Hapakuwa na kompyuta. Mpigapicha alipiga tukio la kwanza, akairudisha nyuma filamu ndani ya kamera, kisha akapiga la pili juu ya lile lile, ili waigizaji waonekane na bado ukuta uonekane kupitia miili yao. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo alilazimika kuhesabu mizunguko kwa uangalifu mkubwa. Akikosea kidogo, mzimu unatokea mahali pasipostahili na kazi yote inaanza upya. Mmoja wa wapigapicha wa filamu hii, Fritz Arno Wagner, ndiye aliyepiga pia Nosferatu mwaka 1922, ile filamu ya mnyonya damu ambayo hadi leo haijaisha kutisha.

Binti anazimia chini ya ukuta. Anaokotwa na mzee muuza dawa, anapelekwa dukani kwake, na huko anafungua Biblia iliyoko mezani penye aya ya Wimbo Ulio Bora inayolinganisha nguvu za mapenzi na nguvu za mauti. Anaichukua kama ahadi. Anashika kikombe cha sumu, na kikombe kinapogusa midomo anajikuta tena mbele ya ukuta. Safari hii ukuta umepasuka na ndani yake kuna ngazi ndefu yenye mwanga.

Wajua kilichoko juu ya ngazi? Mishumaa. Ukumbi mzima wa mishumaa, mirefu na mifupi, kila mmoja ni uhai wa mtu mmoja. Unapoisha, mwenyewe ameisha. Wazo hili halikuzuliwa na Lang. Limo katika ngano ya Kijerumani ya Mauti aliyekuwa baba wa ubatizo, iliyochapishwa na ndugu wawili Grimm katika mkusanyiko wao wa mwaka 1812, ambamo tabibu anapelekwa pangoni kuonyeshwa mishumaa ya watu wote na kugundua kwamba wake mwenyewe unakaribia kuzimika. Ndiyo maana filamu ina jina la pili chini ya lile kuu, linaloiita wimbo wa jadi wa Kijerumani wenye beti sita. Sehemu zake sita zinaitwa beti.

Mbele ya macho ya binti, Mauti anainua mwali wa mshumaa mmoja kwa viganja viwili, nao unageuka mtoto mchanga. Kisha mtoto anatoweka mikononi mwake, na mahali fulani mama analia. Waswahili tumezoea kusema kifo hakina huruma. Mauti huyu anayo, na huruma hiyo ndiyo inayomchosha. Anamwambia binti kwamba amechoka kutazama mateso ya watu, na amechoka kuchukiwa kwa sababu ya kumtii Mungu. Sijapata kuona filamu nyingine iliyothubutu kumpa mpinzani wa wapenzi sababu nzito kiasi hicho. Hapigani nao kwa chuki. Anatimiza wajibu asioupenda, na angefurahi mtu mmoja, mara moja tu, amshinde.

Kwa hiyo anamwekea binti masharti. Hii hapa mishumaa mitatu inayotikisika. Ukiokoa mmoja tu kati ya hiyo mitatu, nitakurudishia mtu wako.

Mshumaa wa kwanza ni wa mji wa Waislamu, enzi za khalifa, mwezi wa Ramadhani. Binti sasa ni Zobeide, dada wa khalifa, na anampenda Mzungu asiye Mwislamu. Mpenzi anaingia msikitini kwa siri, anagunduliwa, anawindwa mji mzima, na mwisho anafukiwa ardhini akiwa hai na mtunza bustani aitwaye El Mot, yaani Mauti. Msomaji Mwislamu ajiandae. Hayo ni mashariki ya ndoto za Wajerumani, yenye madarweshi wanaozunguka na watu wenye hasira muda wote, na hakuna anayeonekana kufunga kwa utulivu na kufuturu na jamaa zake.

Wa pili ni Venezia, wakati wa sherehe za vinyago. Bibi Fiametta ameposwa na tajiri Girolamo asiyempenda, moyo wake uko kwa Gianfrancesco. Anapanga kumwua mchumba asiyemtaka kwa hila, lakini barua zinaingiliana, Girolamo anambadilishia nguo kijana, na Fiametta anapigana kwa upanga na mtu mwenye kinyago hadi mtumishi wake anapomchoma kwa jambia lenye sumu. Kinyago kinavuliwa. Ni Gianfrancesco. Kati ya visa vitatu hiki ndicho kikatili zaidi, kwa kuwa mapenzi yenyewe yameshika silaha.

Wa tatu ni China. Mfalme ametangaza kwamba mchawi A Hi aje amfurahishe siku yake ya kuzaliwa, na asipofurahi, mchawi akatwe kichwa. A Hi anakuja na vijana wake wawili wapendanao, Liang na Tiao Tsien, juu ya zulia linaloruka. Anatoa jeshi la askari wadogo kama vidole, na farasi anayepaa. Mfalme anavitazama vyote, kisha anamtaka msichana. Msichana anaiba fimbo ya uchawi na kumgeuza A Hi kuwa mpungate, anatoroka na mpenzi wake juu ya tembo. Mfalme anamtuma mpiga upinde wake, ambaye uso wake tumeshauzoea. Fimbo inapokaribia kwisha nguvu, Tiao Tsien anajigeuza sanamu na kumgeuza Liang chui-milia. Mshale unampata chui-milia. Sanamu inatoa machozi.

Mishumaa yote mitatu imezimika.

Je, wajua kwamba waigizaji wale wale wanarudi katika kila kisa? Lil Dagover ni Msichana, ni Zobeide, ni Fiametta, ni Tiao Tsien. Walter Janssen ndiye mpenzi anayekufa kila mara. Bernhard Goetzke ndiye Mauti, na ndiye mtunza bustani, na ndiye mpiga upinde. Leo tungeliona jambo la kawaida. Lakini katika filamu hii ndiyo hoja yenyewe: badilisha nchi, badilisha dini, badilisha karne na mavazi, watu wanaoagana ni wale wale.

Na kama ulidhani baada ya mara tatu kisa kimekwisha, bado. Mauti anamwonea huruma na kumpa saa moja. Amtafutie mtu mwingine, yeyote, atakayekubali kutoa uhai wake ambao muda wake haujafika, nao utabadilishwa na wa mchumba wake.

Hapa ndipo ninapoiona filamu ikipanda juu ya ngano iliyoizaa. Binti anakwenda kwa mzee muuza dawa, ambaye miaka imemwelemea. Mzee anamfukuza. Anakwenda kwa ombaomba asiye na kitu duniani. Hapana. Anakwenda kwa wazee wagonjwa, wale ambao kila siku hulalamika kwamba maisha yamewachosha na lini watapumzishwa. Wote wanakimbia, kila mmoja kwa kasi aliyobakiwa nayo. Katika vurugu hiyo moto unazuka, jengo linaungua, watu wanatoka nje, na mama mmoja anapiga kelele kwamba mtoto wake mchanga amebaki ndani.

Binti anaingia motoni. Anampata mtoto. Mauti yuko pale pale, amenyoosha mikono: huu hapa uhai uliokuwa ukiutafuta, nipe.

Angempa, filamu ingekuwa na mwisho wa furaha. Anatazama mikono ile, anatazama mtoto, kisha anamfunga kwa kitambaa na kumteremsha dirishani hadi mikononi mwa mama yake. Yeye anabaki ndani. Mauti anamchukua na kumpeleka kwa mchumba wake, na wawili hao wanapanda mlimani pamoja. Binti hakumshinda Mauti hata mara moja katika safari yake yote. Ila pale dirishani alikataa kumfanyia mama mwingine kile alichofanyiwa yeye, na nadhani hicho ndicho Mauti alichokuwa akisubiri kukiona tangu mwanzo.

Wahindi wana kisa kinachofanana na hiki, cha Savitri katika Mahabharata, anayemfuata Yama, mungu wa mauti, hatua kwa hatua hadi anamrudishia mumewe kwa sababu ya hekima ya maneno yake. Wagiriki wana Alkestis, aliyekubali kufa badala ya mume. Binti wa Lang yuko katikati yao: amepewa nafasi ya kusema kama Savitri, akaishia kutoa kama Alkestis, na aliyempa ni mtoto asiyemjua.

Je, wajua kwa nini filamu kama hii ilitoka mwaka 1921 na si mwaka mwingine? Vita Kuu ilikwisha Novemba 1918, na askari wa Kijerumani wapatao milioni mbili hawakurudi. Ikaongezeka homa kali ya mafua iliyoua hata walionusurika risasi. Katika kila ukumbi wa sinema wa Berlin waliketi wanawake waliotoka kidogo na kurudi wakakuta kiti ni kitupu. Lang mwenyewe alipigana upande wa Austria, akajeruhiwa. Mwaka 1920 alifiwa na mama yake, na mwaka huo huo mke wake wa kwanza alikufa kwa risasi. Hakuhitaji kwenda mbali kutafuta habari za kuchoka.

Baadaye alieleza pia kwamba alipokuwa mtoto mjini Vienna aliugua homa, na katika homa hiyo akamwona mgeni wa giza akimjia. Hofu na utamu wa ajabu vilichanganyika ndani yake, akasema, na mchanganyiko huo hakuusahau.

Wajua mwandishi mwenza alikuwa nani? Thea von Harbou, mwandishi wa riwaya aliyekuwa maarufu kabla Lang hajawa maarufu. Waliandika pamoja, wakapendana wakiandika. Tatizo ni kwamba Harbou alikuwa mke wa mwigizaji Rudolf Klein-Rogge, na Klein-Rogge ndiye anayeigiza Girolamo, yule tajiri wa Venezia ambaye mchumba wake anampenda mwingine. Mwaka 1922 Harbou na Lang walioana. Klein-Rogge hakugomba wala hakuondoka. Aliendelea kufanya kazi nao kwa miaka, na mwaka 1927 katika filamu ya Metropolis akawa Rotwang, mvumbuzi aliyenyang'anywa mwanamke aliyempenda na bwana mkubwa wa mji. Muswada wa Harbou, uongozaji wa Lang. Mtu akitaka kuelewa jinsi watu hawa walivyoweza kugeuza maisha yao kuwa sinema bila kuvunjika, aanzie hapo.

Ndoa ya Lang na Harbou ilivunjika mwaka 1933, mwaka ambao Lang aliihama Ujerumani ya Hitler. Harbou alibaki, akaingia chama cha Nazi.

Lil Dagover alizaliwa Java mwaka 1887, kisiwa kilichokuwa koloni la Waholanzi wakati ule. Jina la Dagover alilipata kwa kulipinda kidogo jina la mume wake wa kwanza, mwigizaji Fritz Daghofer.

Je, wajua kwamba Mwafrika yumo katika filamu hii, tena kwa jina lake kwenye orodha ya waigizaji? Ni Lewis Brody, mzaliwa wa Douala mwaka 1892, Kamerun ikiwa koloni la Wajerumani. Jina lake la nyumbani lilikuwa M'bebe Mpessa. Ndiye mtumishi wa Fiametta mwenye jambia. Nafasi ndogo, na ya aina ambayo Mwafrika aliruhusiwa siku zile: mtumishi, mlinzi, mshika silaha wa mtu mwingine. Lakini Brody alikuwa mwanamuziki, mpiganaji wa mieleka, mmoja wa waigizaji weusi walioonekana mara nyingi zaidi kwenye filamu za Ujerumani, na mtu mwenye kalamu. Mwaka huohuo wa 1921, magazeti ya Ujerumani yalipokuwa yakichochea chuki dhidi ya askari weusi wa Ufaransa waliokuwa ukingoni mwa mto Rhein, na watu wakaanza kuwashambulia Waafrika wa Berlin barabarani, Brody aliandika katika gazeti la B.Z. am Mittag kuwatetea Waafrika wanaoishi Ujerumani. Fikiria: mchana anapigania heshima ya watu wake gazetini, jioni yuko kwenye kioo akimchoma mpenzi kwa amri ya bibi mweupe.

Kupitia Brody filamu hii inagusa pwani yetu. Mwaka 1941 alicheza katika Carl Peters, filamu ya propaganda ya Wanazi ya kumsifu yule aliyeinyakua Tanganyika kwa mikataba ya ulaghai. Katika filamu hiyo alikuwemo pia Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyekuwa askari mtoto katika Vita Kuu na baadaye akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Mwaka huo Husen alikamatwa kwa kosa la kupendana na mwanamke wa Kijerumani, jambo lililokuwa jinai mbele ya sheria za rangi za Wanazi. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Fritz Lang alibuni mfalme anayeua kwa sababu ya mapenzi yasiyomhusu na kumweka China ya kale. Miaka 20 baadaye mfalme huyo alikuwa akitawala Berlin, na aliyefia mikononi mwake alikuwa mwalimu wa Kiswahili.

Wajua nani walijenga dunia hizo nne? Walter Röhrig alishika mji wa Kijerumani, Hermann Warm alishika mji wa khalifa na Venezia, Robert Herlth alishika China. Röhrig na Warm walikuwa wametoka tu kutengeneza mandhari yaliyopindapinda ya filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari. Mavazi na vyombo vilitoka Umlauff, nyumba ya Hamburg iliyokuwa ikifanya biashara ya vitu vya makabila ya dunia nzima, na ambayo ilihusiana kwa damu na familia ya Hagenbeck, wale wafanyabiashara wa wanyama. Kwa maneno mengine, sehemu ya uzuri tunaouona kwenye visa vile ilipita bandarini wakati wa ukoloni.

Hata vibao vya maandishi vina mavazi. Kila nchi imepewa mwandiko wake, na herufi za kisa cha China zimechorwa kana kwamba zimetoka kwenye brashi ya wino.

Wakosoaji wa Berlin hawakuipokea kwa shangwe. Wengine waliona haina Ujerumani ya kutosha ndani yake. Ilipofika Ufaransa ikaitwa Les Trois Lumières, Mianga Mitatu, Wafaransa wakaipenda mno, na ndipo nyumbani nako wakaanza kuitazama upya.

Huko Paris kijana mmoja Mhispania aliingia ukumbini, akatoka akiwa ameamua kazi ya maisha yake. Alikuwa Luis Buñuel. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ni filamu hii iliyomfumbua macho akaona sinema inaweza kusema nini. Mwaka 1972 alikutana na Lang huko Hollywood, wote wazee, na Buñuel, aliyekwisha kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa duniani, akamwomba amtilie sahihi kwenye picha.

Alfred Hitchcock naye aliitaja miongoni mwa filamu za Kijerumani zilizomgusa akiwa kijana. Alipoanza kuongoza, akamchukua Bernhard Goetzke, Mauti mwenyewe, acheze katika The Mountain Eagle ya mwaka 1926. Filamu hiyo imepotea. Hakuna nakala iliyopatikana hadi sasa.

Je, wajua kisa cha zulia? Douglas Fairbanks, nyota mkubwa wa Marekani, alinunua haki za kuionyesha filamu ya Lang nchini mwake, kisha akaikalia. Sababu ilijulikana baadaye. Alikuwa anatengeneza The Thief of Bagdad, na hakutaka Wamarekani walione zulia linaloruka la mtu mwingine kabla ya lake. Filamu yake, iliyoongozwa na Raoul Walsh, ilitoka mwaka 1924: ina zulia linaloruka, ina farasi anayepaa, ina jeshi la uchawi. Ni filamu nzuri sana, sitaikana. Lakini mtu aliyeketi kwenye ukumbi wa New York akashangilia zulia lile hakujua kwamba A Hi alikuwa ametangulia kulipanda miaka mitatu kabla.

Wajerumani hawakuacha kurudia nafasi tatu. Mwaka 1998 Tom Tykwer alitoa Lola rennt, Lola Anakimbia: msichana mwenye nywele nyekundu ana dakika 20 za kupata marki 100,000, la sivyo mpenzi wake ataangamia. Anakimbia mara tatu katika Berlin ile ile. Mara moja anakufa yeye, mara moja anakufa mpenzi, na mara ya tatu majaliwa yanalegea. Kati ya filamu hizo mbili kuna miaka 77, na ukizitazama kwa kufuatana utaona kizazi kilichozikwa na kizazi kilichozaliwa baada ya vita vikijibu swali moja kwa sauti mbili tofauti. Lola anaokolewa na mbio. Miaka ya 1920 hakuna aliyeamini kwamba mbio zinatosha.

Na je, wajua Thea von Harbou alikufaje? Baada ya vita alishikiliwa na Waingereza kwa muda, akatumika pia kuondoa vifusi vya Berlin iliyobomolewa. Mwaka 1954 tamasha la filamu la Berlin liliionyesha tena Der müde Tod, naye akaalikwa kama mgeni wa heshima. Alipokuwa akitoka ukumbini alianguka, akaumia nyonga, na tarehe 1 Julai akafariki. Mwandishi mwingine akikiandika kisa hiki kwenye muswada, mhariri atakikata kwa kuwa kimezidi. Lakini ndivyo ilivyokuwa: kazi yake ya mwisho duniani ilikuwa kumtazama tena yule mgeni mwenye kofia pana aliyemwandikia maneno miaka 33 nyuma.

Kwa miongo mingi watu waliiona filamu hii kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, wakadhani ndivyo ilivyozaliwa. Sivyo. Filamu za wakati ule zilitiwa rangi sehemu kwa sehemu: buluu kwa usiku, nyekundu kwa moto, na kadhalika. Filamu ya awali iliyotoka kwenye kamera ilipotea, na nakala zilizobaki zilikuwa zimepoteza rangi. Taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau ilikusanya nakala za nchi mbalimbali, ikachunguza filamu nyingine za miaka hiyo za kampuni iliyoitengeneza kujua zilitiwa rangi vipi, na ikairudishia Der müde Tod sura yake. Toleo hilo lilionyeshwa Berlin Februari 2016, likiwa na muziki mpya wa Cornelius Schwehr.

Urefu wake ni kama saa moja na dakika 38, na maneno ni machache, yote kwenye vibao. Ukitaka kuiona, itafute ile ya 2016 yenye rangi. Nakala nyingi zinazozagaa ni za zamani, zimechanika, na mishumaa haionekani vizuri.